Majirani Walioniharibia Maafa Yangu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maafa,

Natumaini u mzima na ofisi yako ni kavu. Mimi ni kibarua wa kupakia saruji ghalani, niko mbali na kwetu, na shule niliiachia njiani, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Naomba uwachukulie hatua majirani zangu. Mafuriko yalikiangusha kibanda changu vizuri kabisa, wao wakaniharibia.

1. Maji hayajakauka, wakaja na majembe bila kuitwa. Niliporudi kutoka kazini nikakuta kuta zimesimama. Afisa wako alipofika na kamera, siku nyingi baadaye, alitafuta maafa akakosa. Akaandika kwamba sikuathirika. Mabati ya msaada yakanipita hivihivi.

2. Hawakuniuliza nataka nini. Mlango wangu ulitazama barabarani; wao wameuelekeza uani kwao. Sasa siwezi kwenda chooni bila kuulizwa nimeamkaje. Mama mfua nguo ananiita mwanangu na kunikagua kola. Mimi nilikuja huku kutafuta kazi, sikuja kutafuta mama.

3. Fundi viatu ndiye kinara wao. Ujenzi umekwisha, yeye haondoki. Kila jioni anakuja na mkeka, ati anaulinda ukuta mbichi usiniangukie. Anakoroma kama mashine ya kusaga. Nikimwambia aende kwake ananijibu, "Mjomba, kwangu kuna hewa nyingi mno," kisha anageukia ukutani.

Kwa hiyo naomba uwaamuru wabomoe walichojenga na kunirudishia matope yangu kama yalivyokuwa, halafu afisa aje anikute nimekaa juu yake nalia. Kulia nitajitahidi. Na mafuriko yajayo, ipigwe marufuku mtu kumsaidia mwenzake kabla ya serikali kufika.

Nisalimie karani, dereva, na yule afisa wa kamera.

Wako mtiifu, mwenye vumbi la saruji hadi kopeni,
Mgeni (ndivyo wanavyoniita hapa)

N.B. Leo nimemfuata fundi viatu hadi kwake, nimshtaki kwa mkewe. Nyumba haina paa, na ukuta mmoja haupo. Mke na watoto wanalala kwa mama mfua nguo. Mimi hutoka alfajiri na kurudi gizani, sikuwahi kuiona. Basi barua hii ichane. Ila mabati yakiwapo, afisa ayapeleke kwa fundi, na awahi: udongo tumeshaanza kuukanda, na mlango wake nimeamua mimi utazame kwangu.