Shahidi wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimetukanwa leo, tena kwa adabu. Mtafiti kutoka chuo kikuu alikuja kwenye chumba cha kusomea, akaniamkia vizuri, akafungua kompyuta yake na kunionyesha orodha ya vita vyote vya miaka mia iliyopita. Nikavaa miwani. Nikatafuta vita vyetu. Havimo! Vimo ukurasa mwingine kabisa, chini ya kichwa "Matukio ya mpakani".

Tukio! Miaka thelathini na minane niko nchi ya watu kwa sababu ya tukio!

Mtafiti akanieleza taratibu, kama mimi nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi latitudo. Wasomi wanaotaka kujua kwa nini mataifa hupigana lazima kwanza wakubaliane kipi ni vita na kipi si vita. Wamekubaliana: watu ishirini na watano waliouawa ndani ya mwaka mmoja. Kila aliyeuawa athibitishwe na mashahidi wawili ambao hawakuambizana. Chini ya hapo ni tukio. Nikamuuliza sisi tumefika wangapi.

Ishirini na wanne.

Nikamwambia wa ishirini na tano ni kaka yangu, fundi cherehani. Asubuhi ile aliingia mtoni kuvuka, kupeleka suruali ya mteja. Nilimwona akiingia. Nikasikia risasi. Hakurudi. Akasema anajua, imeandikwa, ila shahidi ni mmoja tu: mimi. Akaniita baba, akasema anasikitika. Naamini anasikitika. Lakini fomu yake haina mahali pa masikitiko.

Ninahitaji shahidi wa pili.

Jumatano, 5 Machi

Nimewapitia watu wote wa mto ule walioko mji huu. Wengi wamefariki. Wawili wamesahau hata majina yao. Amebaki Posta.

Posta! Mtu wa ng'ambo ya mto! Karani wa posta mstaafu, anakaa ghorofa ya chini yangu, na kwa miaka kumi na mmoja tumegombea kiti kimoja, kile cha dirishani, kwenye chumba cha kusomea. Yeye husema mto ule ni wao. Mimi husema mto una kingo mbili. Mwaka juzi tulinuniana miezi minne kwa sababu ya ramani.

Lakini nimesoma kijitabu cha kanuni cha Mtafiti, ukurasa wa tisa: ushahidi wa upande wa pili hupewa uzito zaidi. Basi leo nimemwachia kiti. Akakikagua kama kina msumari. Akaniuliza, Mwalimu, unaumwa?

Alhamisi, 6 Machi

Mazungumzo ya amani yamechukua saa mbili. Posta atatoa ushahidi kwamba alimwona kaka akipigwa risasi majini. Masharti yake: kiti hadi mwisho wa mwaka, na mimi nikiri kwamba mto ni wao. Kiti nimetoa. Juu ya mto tumeafikiana kusema "ule mto" bila kutaja mwenyewe. Binti yangu, ambaye husikiliza kila kitu akiwa jikoni, akauliza kama Umoja wa Mataifa una habari.

Posta akataka kuanza kunisimulia yeye alikuwa wapi siku ile. Nikamkatiza. Nikimwacha azungumze ataanza na bei ya stempu. Nimemwandikia kurasa mbili, mwandiko safi. Kazi yake ni kukariri tu.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi. Posta ana kichwa cha karani, hapotezi kitu.

Nimeongeza ng'ombe. Nilisoma mahali kwamba kumbukumbu ya kweli huwa na kitu kisicho na maana ndani yake, basi nikaweka ng'ombe mwekundu amesimama majini. Posta akauliza ni ng'ombe wa nani. Nikasema haijalishi. Akasema inajalisha sana, amesimama upande gani? Tumebishana nusu saa juu ya ng'ombe ambaye hajawahi kuzaliwa. Tumemweka katikati.

Mwishoni alinisomea yote bila karatasi. Saa nne na dakika ishirini asubuhi, risasi tatu, ng'ombe. Hata pale ninapokohoa mimi, naye alikohoa. Nilitokwa na machozi kidogo. Mwalimu hubaki mwalimu.

Jumanne, 11 Machi

Tumehojiwa, kila mmoja peke yake, mlango umefungwa. Mimi dakika arobaini. Posta dakika arobaini. Alipotoka akaninyooshea kidole gumba mbele ya Mtafiti! Nikajifanya nasoma tangazo la chanjo ukutani.

Nimekunywa chai na sukari vijiko vitatu. Binti akaniambia mzee, punguza, hujashinda vita bado. Sijashinda, lakini angalau vitakuwa vita.

Ijumaa, 14 Machi

Maafa.

Mtafiti alikuja nyumbani na karatasi mbili, akaziweka mezani bega kwa bega. Maneno yaleyale. Saa ileile. Ng'ombe yuleyule, katikati. Na kwenye karatasi zote mbili, baada ya risasi ya pili, katika mabano: (anakohoa).

Akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wawili waliokaa kingo mbili, baada ya miaka thelathini na minane, hawakumbuki hivi. Mashahidi wa kweli hupingana: mmoja atasema asubuhi, mwingine mchana, na pale wanapokutana ndipo wasomi huanza kuamini. Nikamwambia mimi na Posta tunapingana kila siku ya Mungu, aulize mtu yeyote! Hakucheka.

Kwa kanuni zao, mimi na Posta ni shahidi mmoja. Wala haikuishia hapo. Kwa kuwa nimefundisha shahidi, ushahidi wangu wote umewekwa kando, hata ule wa miaka iliyopita. Na mimi ndiye niliyekuwa shahidi wa pili wa muuza chumvi, mama yake, na mlinzi wa kivuko. Wametoka.

Niliingia na ishirini na wanne. Nimetoka na ishirini na mmoja.

Watatu wale nilikuwa nawajua. Muuza chumvi alikuwa na kicheko cha kupayuka, ulikisikia hata kutoka barabarani. Nimewafuta kwa mkono wangu, kwa ng'ombe.

Jumamosi, 15 Machi

Posta amepanda ngazi bila kuitwa. Miaka kumi na mmoja, hajawahi. Akaketi jikoni, akasema kwanza kwamba tangu mwanzo yule ng'ombe hakumpenda.

Halafu, akikitazama kikombe, akasema alichotaka kusema siku ile nilipomkatiza. Hakuona mtu akipigwa risasi. Alikuwa ndani ya posta, amelala chini ya kaunta. Ila alasiri watu wanne walimtoa mtu mtoni, upande wao. Kijana. Shingoni alikuwa na tepu ya kupimia ya fundi, nyeupe. Hakuna aliyemfahamu. Walimzika nyuma ya posta, kwa kuwa udongo wa pale ulikuwa laini. Posta alishika ncha moja ya shuka waliyombebea. Na kwa miaka miwili, hadi naye alipokimbia, kila alipofagia uwanja wa posta alifagia na pale.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema, Mwalimu, wewe hukuwahi kunitajia kaka. Wewe ulikuwa mto, mto, mto.

Ni kweli.

Binti akatuongezea chai, yangu akaitia sukari vijiko vitatu mwenyewe. Si kawaida yake.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia Mtafiti yote, pamoja na ng'ombe. Akawauliza wakubwa zake. Wamekubali! Alhamisi atakuja mtafiti mwingine, asiyejua lolote juu yetu, atuhoji upya, kila mmoja kivyake. Wale watatu wanaweza kurudi. Kaka anaweza kuingia. Ishirini na watano.

Sharti ni moja: hadi Alhamisi, mimi na Posta tusizungumze hata neno moja juu ya jambo hili. Nimeapa, mkono kifuani, binti akishuhudia. Posta naye ameapa. Nilipanda ngazi nikiwa mwepesi kama kijana. Nimeelewa sasa jinsi wasomi wanavyojenga elimu yao: kwa kuwaacha watu waseme walichoona wenyewe. Safi kabisa. Ningekuwa bado darasani ningewafundisha hivyo.

Limebaki suala la tepu.

Posta alisema nyeupe. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa njano, nilimpa kaka kwa mkono wangu siku alipofungua duka. Maji hufifisha rangi, bila shaka, na Posta macho yake hayajawahi kuwa mazuri. Lakini tepu nyeupe ni ya mtu mwingine, na mimi sina mtu mwingine.

Huku si kufundisha shahidi. Ni kusahihisha. Nimeandika neno moja tu, NJANO, nikalipitisha chini ya mlango wake.

Nyuma ya karatasi nimeongeza na saa, nne na dakika ishirini, kwa tahadhari.