Lango la Kiwanda na Mheshimiwa Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Dada mwezeshaji kaja! Katumwa na shirika la mjini kutufundisha uongozi, sisi tunaoishi nyuma ya kiwanda cha magodoro. Manispaa ikitukumbuka hutuita wavamizi. Ikitusahau haituiti kitu. Shida yetu ni lango. Mwenye kiwanda kafunga lango, kaziba kichochoro tulichokuwa tunapitia kwenda zahanati. Sasa mgonjwa azunguke bondeni, kwenye tope na mabaki ya sponji, au abaki kitandani anagumia. Dada kasema hatuletei mkombozi. Tutajipanga wenyewe, Jumamosi tuchague msemaji, kisha tuiendee manispaa.

Msemaji! Nikasimama kabla hajamaliza. Mke wangu akanivuta shati. Nikakaa. Nikasimama tena. Nani mwingine? Mimi fundi redio, sauti ndiyo kazi yangu. Na mtaa mzima huniita Mheshimiwa. Mke wangu anasema wananicheka. Wivu, tena ndani ya nyumba yangu!

Jumanne, 4 Machi
Semina. Tumekaa duara. Sasa kwenye duara, mbele ni wapi? Nikahama. Nikahama tena. Dada akaniomba nitulie, nawapa watu kizunguzungu.

Zoezi la kusikiliza. Unamsikiliza mwenzako bila kumkatiza, kisha unawaeleza wengine alichosema. Nikapangiwa Kinyozi, ambaye miguu yake haina nguvu na anatembelea kiti cha magurudumu. Akaongea, akaongea. Zamu yangu ilipofika nikaeleza kwa ufasaha mkubwa. Kinyozi akalalamika kwamba hakusema popote nijengewe sanamu.

Kisha dada akauliza: ukipatwa na shida, unakimbilia kwa nani kwanza? Wakamtaja mama mkwe wangu. Wote! Mke wangu naye. Hata mimi jina lake lilinitoka mdomoni kabla sijajizuia. Mama mkwe, muuza mkaa, mtu ambaye hajawahi kuhutubia hata kuku!

Balaa gani hii? Mpinzani mwingine ningemkabili hadharani. Mkwe namkabili vipi? Nikikutana naye njiani nainamisha kichwa na kumpisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Mama mkwe ana dada yake ng'ambo ya bonde, hawajaonana siku nyingi. Nikaenda kwake kwa heshima zote, nikachutama mlangoni, nikamwambia nimesikia dada yake hajisikii vizuri. Si uongo. Nani anajisikia vizuri siku hizi? Akasema, "Mwanangu, kumbe una moyo hivyo!" Ataondoka kesho asubuhi, atarudi Jumapili.

Kanibariki. Kichwani! Nimekosa raha kidogo. Nimetembea uani mpaka mke wangu akaniuliza kama nina minyoo.

Jumamosi, 8 Machi
Uchaguzi. Nilivaa koti. Kipaza sauti nilikitengeneza mwenyewe, kikapiga mluzi mpaka mbwa wakajibu. Sikujali. Nikaahidi barabara. Nikaahidi taa. Nilipofika kwenye kuahidi mvua, watu wakageuka kutazama nyuma. Nikadhani wameguswa.

Mama mkwe! Kavuka bonde, na nyuma yake dada yake, mzima wa afya kama ng'ombe wa maziwa, na nyuma yao kina mama wa ng'ambo, kundi zima, matope mpaka magotini. Kumbe nao zahanati yao ni hiyohiyo, na lango lao ni hilohilo. Alipowasimulia habari za semina, wakafunga vitenge wakamfuata. Dada mwezeshaji alikuwa anacheka peke yake kwa furaha. Akasema kazi aliyodhani itamchukua miezi, mama huyu kaimaliza kwa ziara moja, na akauliza nani alikuwa na wazo la kumtuma. Mama mkwe akanionyesha kwa kidole. Nikapigiwa makofi.

Halafu wakamchagua yeye, na Kinyozi awe msaidizi wake. Mimi nilipata mkono mmoja, wangu. Mke wangu naye aliinua wake, kumbe anajikuna kisogo.

Jumatatu, 10 Machi
Wao wanakwenda manispaa Jumatano. Wazembe! Mimi nimekwenda leo, peke yangu, na koti.

Ofisa kanipokea vizuri mno. Kaniita mwakilishi wa wananchi. Chai ikaja. Biskuti zenye krimu katikati! Akanieleza kwamba lango litabaki, lakini bondeni tutawekewa kibao kikubwa kimeandikwa Njia ya Zahanati. Nikauliza kama chini ya kibao patakuwa na jina langu. Akasema halishindikani. Nikampa mkono. Nimeshinda! Nimerudi nyumbani karibu mbio.

Jumanne, 11 Machi
Nimewatangazia. Hakuna aliyepiga makofi. Nikatangaza tena, labda hawakusikia.

Kinyozi akaniuliza kibao kitamvusha tope vipi. Akapandisha suruali. Kidonda mguuni, chekundu, kimevimba, kinatoa harufu. Kila siku kinatakiwa kusafishwa zahanati, na tangu lango lifungwe kinasafishwa kwa maji ya chumvi na kumwomba Mungu. Nikasema mbona hukuniambia. Akajibu aliniambia Jumanne iliyopita, mbele ya watu, na mimi nikawasimulia habari za sanamu.

Mama mkwe hakupandisha sauti. "Mwanangu," alisema, "umetuuza kwa biskuti." Basi. Akainuka akaenda kupima mkaa. Afadhali angenizaba kofi. Mke wangu kanitengea chakula akanigeuzia mgongo. Sikula. Nilikula kidogo.

Jumatano, 12 Machi
Tumekwenda wote. Mimi nimewekwa mwisho wa msafara. Nilitarajia mabango na kelele. Wapi! Mama mkwe alimwamkia ofisa vizuri, akamwomba jambo moja tu: atembee nasi mpaka zahanati kwa njia yake ya kibao. Ofisa akasema ana kikao. Mama mkwe akasema hatuna haraka. Wakakaa kwenye korido nzima, wajawazito, wazee, Kinyozi na kidonda chake, kina mama wa ng'ambo, kimya. Karani akawa anaruka miguu ya watu. Mimi nilishindwa kukaa, nikawa natembea mpaka kwenye ngazi na kurudi. Hatimaye ofisa akatoka, akachukua kofia yake.

Bondeni magurudumu ya Kinyozi yakazama. Mama mkwe akamwomba ofisa asaidie kusukuma. Kiatu chake kimoja kikabaki kwenye tope. Hapo nikaona mtu anapiga picha kwa simu. Sikuweza kuvumilia! Nikatoka mwisho mbio ili niwe mbele. Bega langu likamgusa ofisa. Kidogo tu. Akaenda chini chali, koti, tai na kofia.

Nilijua nimetumaliza. Hakuna aliyecheka. Kinyozi ndiye aliyenyoosha mkono akamwinua, na ofisa akaushika mkono huo kwa muda mrefu, anakitazama kile kidonda, kilichokuwa usawa wa macho yake. Zahanati tulifika amekuwa rangi ya bonde. Kabla hata hajanawa uso, akapiga simu kiwandani. Tulimsikia akifoka.

Ijumaa, 14 Machi
Lango liko wazi! Manispaa imeandika kwamba ni njia ya umma. Kinyozi kapita wa kwanza, hakusukumwa na mtu, na muuguzi alikuwa anamsubiri mlangoni. Kina mama wakapiga vigelegele. Nilifurahi kweli, na naandika hili haraka kabla mke wangu hajachungulia.

Kisha nikauliza nani anakata utepe. Hakukuwa na utepe.

Jumapili, 16 Machi
Dada mwezeshaji anahamia mtaa wa nyuma ya machinjio, ambako manispaa haijawahi kuzoa hata taka. Mama mkwe na Kinyozi wanaenda naye kuwasimulia watu wa kule jinsi tulivyojipanga. Mimi nimeulizwa kama naweza kusaidia kubeba viti.

Mke wangu kasema hiyo ni nafasi nzuri ya kufanya kazi huku nimefunga mdomo.

Maskini, hajaelewa. Mimi nimeelewa palepale, hata usingizi wa mchana umenikimbia. Viti vyote vitakuwa mikononi mwangu. Na mwenye kiti, kwa Kiswahili sanifu, anaitwaje?

Nimeshapiga koti pasi.