Uhuru wa Kuisema Kahawa ya Mwadini

Baridi ya Julai ilikuwa inauma mpaka kwenye meno, na Ezéchiel, ambaye kijiweni wanamwita Nabii, alikuwa amesimama peke yake ng'ambo ya barabara, mikono kwapani. Upande wa pili, mbele ya duka moja la simu la Rosettenville, mtaa wa wahamiaji, benchi lilikuwa limejaa na birika la Mwadini lilikuwa linafuka mvuke. Kwa Nabii hii ilikuwa siku ya tatu ya adhabu. Kosa lake ni kusema mbele ya wateja kwamba kahawa ya Mwadini siku hizi ni maji yaliyosimuliwa habari za kahawa. Hukumu: siku saba asikanyage kijiweni.

Siku saba si nyingi kwa mtu mwingine. Lakini Nabii analinda geti la ghala usiku kucha, na neno pekee analozungumza na binadamu huko ni "sharp", yaani sawa, kwa kila gari linaloingia. Mengine yote humwambia Mungu. Kiswahili chake chote alikuwa anakitunza kwa ajili ya benchi lile.

Gustave, fundi cherehani wa Lubumbashi aitwaye Sindano kwa jinsi anavyochoma, alikuwa anasoma habari kwenye simu kwa sauti.

"Wamarekani wanatimiza miaka mia mbili na hamsini tangu wamkatae mfalme wa Uingereza. Waliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, na Muumba amewapa haki zisizonyang'anywa: kuishi, kuwa huru, na kutafuta furaha."

"Rudia hapo pa Muumba!" Nabii alipaza sauti.

"Asijibiwe," alisema Mwadini, Mtanga mwenye birika, ambaye kijiweni ni Rais. "Yule yuko nje ya nchi."

"Masikio yangu hayakufukuzwa, Papa!"

"Hao walioumbwa sawa," aliuliza Bi Ummi, muuza sambusa, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa, "wanawake walikuwemo?"

Sindano akapekua simu. "Hawakutajwa, Bi Ummi."

"Na watumwa?"

"Eish. Baadhi ya waliotia saini walikuwa nao nyumbani."

"Kumbe wanaume wenzenu kabisa. Endelea."

"Wanasema serikali hupata nguvu zake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa."

Nabii alishuka hatua moja barabarani, teksi ikampigia honi, akarudi. "Rais! Wewe nani alikuchagua?"

"Birika."

"Birika halipigi kura!"

"Wala halipigi kelele. Ndiyo maana tunaelewana."

Benchi lilicheka, na Nabii akaumia kwamba kicheko kizuri vile kimempitia mbali.

"Bon," alisema Sindano, sasa amepata moto. "Wale wazee waligawanya madaraka. Mmoja anatunga sheria, mwingine anatekeleza, mwingine anahukumu. Hapa je? Sheria ya kumfukuza Nabii nani alitunga? Rais. Nani alihukumu? Rais. Nani alimsukuma? Rais, tena na kifuniko cha birika mkononi."

"Tugawanye!" ilitoka sauti ng'ambo.

Wakagawanya. Bi Ummi akawa Bunge, Sindano akawa Mahakama. Bunge halikupoteza muda. "Sheria ya kwanza: mwanamume asikae mimi nimesimama." Benchi zima likainuka, Bunge likakaa.

Mahakama ikataka ushahidi, ikamiminiwa kikombe. Sindano akaonja. Akatazama mbingu. Akaonja tena.

"Sema!" alipiga kelele Nabii. "Ni kahawa au si kahawa?"

"Mahakama inahitaji muda," alisema Sindano, huku akikishikilia kikombe kwa mikono miwili, maana kilikuwa cha moto.

"Mahakama inaogopa birika!"

"Sikia, mwanangu," Mwadini akalainika. "Huko Marekani Rais ana uwezo wa kusamehe. Nimekusamehe. Vuka, unywe."

Nabii alisita. Vidole vya miguu hakuvisikia tena. Alisali kimoyomoyo: Bwana, nipe unyenyekevu. Akasubiri kidogo. Haukuja.

"Anayesamehewa ni mwenye kosa! Mimi nilisema kweli. Nataka haki yangu, sitaki huruma!"

Bi Ummi akagonga benchi kwa koleo la sambusa. "Sheria ya pili: kila mtu ana uhuru wa kuisema kahawa, akiwa hapa hapa kijiweni. Imepita. Nabii, vuka, utaugua."

Nabii alivuka huku akimshukuru Mungu kwa sauti, na Sindano akamkumbatia. Mwadini alifunika birika polepole, akajifuta mikono.

"Vizuri. Na mimi ni mtu huru. Nimejiuzulu." Akasimama kando, mikono kifuani, kama abiria. "Tuone katiba itakavyochemsha maji."

Mkaa ukalia kidogo. Halafu macho yote yakamgeukia aliyekuwa akiijua sana kahawa.

"Haina shida," alisema Nabii. Akachochea moto, akatia buni iliyosagwa ya kutosha, akaongeza tangawizi na sala, akakoroga kwa majivuno. Kikombe cha kwanza akampa raia Mwadini.

Mwadini akanywa funda moja. Akalizungusha mdomoni. Akatema pembeni kwa heshima.

"Hii," alisema, "ni matope ya mto Vaal."

"Nini?" Nabii alidaka kifuniko cha birika. "Mtu hujui hata kuonja! Toka! Toka hapa, wiki mbili nisikuone!"

Bi Ummi akatazama saa kwenye simu yake.

"Dakika kumi na moja, na tayari tuna mfalme mpya," akamwambia Sindano. "Wamarekani angalau walianza na mfalme wa ng'ambo."