Mvua ya Ijumaa

Alhamisi, 15 Januari 2026

Na bado anacheka! Mama Rosaline. Hupita hapa Saboti kila asubuhi akienda kisima, na leo amesimama kabisa kwa ua. Binti yake Lenah nyuma, na mtungi. Akaniuliza kama hii ni mahindi ama nimepanda fagio. Nikaangalia viatu. Lenah pia akaangalia viatu vyangu. Wakaenda.

Si ningemwambia ni kazi! Daktari Nasir wa Kitale, mtu wa utafiti wa ukame, amepanda mbegu kumi na mbili, kila moja mstari wake, halafu akafunga maji. Anataka kujua gani itavumilia, vile mvua siku hizi haieleweki. Mimi nalipwa kuangalia zikikauka. Lakini maneno mingi hivyo haiwezi toka kwa mdomo yangu.

Na huko chini mtoni kuna Wabwile na pampu yake. Mahindi yake inang'aa kama imepakwa mafuta. Lenah humsalimia kwa jina.

Ijumaa, 16 Januari

Nimepata akili! Kando ya barabara ni mstari Namba Saba. Hizo zingine nani anaona? Daktari huenda msikitini Kitale saa sita, anarudi saa nane. Nimebeba mitungi kumi. Mgongo imekufa. Namba Saba imekunywa kama ng'ombe.

Ijumaa, 23 Januari

Mitungi kumi na mbili. Namba Saba kijani! Zingine zimejikunja kama zinasikia baridi. Mama Rosaline akapita polepole, akasema kumbe hapa kuna mkono wa mkulima. Lenah akacheka, lakini si kile kicheko cha fagio. Nikataka kusema kitu. Nikasema "kisima". Sijui kwa nini.

Jumatatu, 26 Januari

Shida. Daktari ameona Namba Saba. Akapiga magoti kwa vumbi na shati yake nyeupe. Akasema miaka tisa anatafuta hii kitu, ati sasa watu watakula hata mvua ikikataa. Akapigia wakubwa wake simu hapo hapo. Wageni wanakuja Jumamosi.

Nikauliza kama haiwezi kuwa bahati tu. Akanigonga bega: "Wamalwa, mahindi haina bahati, bana."

Nikashindwa kula ugali. Karibu nimwambie. Halafu akasema mimi ndio nitasimama na Namba Saba mbele ya wageni, na majirani wote wameitwa, hata Mama Rosaline.

Nikakula.

Ijumaa, 30 Januari

Mitungi ishirini, kwa ajili ya wageni. Kugeuka, Wabwile kwa ua! Akauliza nafanya nini. Nikasema naosha mahindi. Akasema sawa, osha. Sijapenda hiyo sawa yake.

Jumamosi, 31 Januari

Si Wabwile alinimaliza. Ni chuma. Kumbe kila mstari Daktari alizika chuma, kichwa nje, inaandika unyevu wa udongo kila saa. Ya Namba Saba mimi nilikuwa naanikia shati!

Asubuhi akaisoma kwa kompyuta. Akasoma tena. Halafu akasema, "Wamalwa, Mungu ananijibu haraka sana. Nikiinama tu msikitini, mvua. Ijumaa tu. Mstari moja tu."

Nikasema yote. Sijawahi ongea mingi hivyo. Akaketi kwa mtungi wangu, akapigia wageni mmoja mmoja wasikuje. Heri angenichapa.

Halafu akauliza kwa nini. Nikasema Lenah. Akasema hata mama mkwe wake humuuliza ni msomi gani anapanda ndio ikauke.

Tukang'oa Namba Saba. Ndio tukaona Namba Nne, nyuma kabisa, kando ya choo. Fupi. Haijapata hata tone, na imetoa nywele, itazaa. Daktari akapiga magoti tena, lakini kwanza akanusa udongo, akaniangalia. Nikaapa.

Jumapili, 1 Februari

Sijafukuzwa. Napelekwa Matulo, upande wa Bungoma, kuangalia maharagwe ikikauka. Mbali na barabara, Daktari amehakikisha.

Wabwile alitangaza kila kitu kisimani. Mama Rosaline akamuuliza yeye bila pampu angebeba mitungi mingapi. Lenah akaniuliza naenda wapi. Nikasema "Matulo". Neno sawasawa! Akasema kumbe, shangazi yake Pauline anakaa huko, ua yake imeshikana na hayo maharagwe, na yeye ataenda kumtembelea baada ya wiki mbili.

Wiki mbili! Maharagwe itakuwa imekauka kama nini!

Mtungi nimefunga ndani ya blanketi. Lazima niende sasa. Gari ya Daktari inapiga honi, na nataka kufika Matulo kama jua bado iko, nione kisima iko wapi na chuma ya huko amezika wapi.