Kitanda-Jiko na Daraja la Mto Mbweha

Jumatatu, 8 Agosti 1921. Kambi ya magari, Nebraska.

Mvua. Tope mpaka kwenye ekseli za gari. Nililala ndani ya uvumbuzi wangu na nimeamka nikiwa nimefungwa ndani yake. Kitanda-jiko kilijikunja chenyewe alfajiri, mimi katikati, soksi moja imeungua. Verna, mke wangu, alimaliza kahawa yake kwanza ndipo akaja kunifungua.

Sijali. Jumamosi, huko Harlan Springs, Colorado, kuna shindano la vifaa vya kambi. Mwamuzi ni Bwana Castleberry, mtengeneza mahema wa Denver, na kifaa cha mshindi kitatengenezwa kiwandani kwake. Kitanda changu kinafunguka kutoka ubavuni mwa gari, na jiko liko chini yake. Umelala, maharage yanaiva. Nani mwingine amewahi kufikiri hivyo? Hakuna!

Nikishindwa, tukirudi Iowa naanza kuosha makopo ya maziwa katika kiwanda cha siagi cha shemeji yangu Orville. Ndiyo ahadi niliyompa Verna ili akubali kupanda gari. Orville tayari ana aproni yangu. Imeshashonwa. Hata kabla hatujaondoka nyumbani, ilikuwa imeshashonwa!

Jumanne, 9 Agosti.

Msiba. Jirani yetu hapa kambini, mzee wa Minnesota anayeitwa Tollefsen, naye ana kitanda cha gari. Naye anakwenda Harlan Springs. Chake hufunguka kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika donati. Verna alisema anakilalia kidogo tu aone kilivyo. Akapitiwa na usingizi. Nimesimama pale nikimtazama mke wangu akikoroma kwenye kitanda cha adui.

Na mtu mwenyewe ni mwema, jambo linaloniudhi kuliko yote. Ameziba pancha yangu bila kuombwa.

Jioni, mpango. Hapa kambini kila jioni watu huzunguka moto na kupeana habari za njia: wapi kuna tope, wapi maji mabaya, wapi mkulima ana farasi wa kuvuta gari. Kila mtu huamini anachoambiwa, maana hakuna mwingine wa kumuuliza. Zamu yangu ilipofika nikavua kofia. Nikasema kwa huzuni kwamba daraja la Mto Mbweha, kwenye njia ya kusini, limesombwa na mafuriko. Nikaongeza kwamba ng'ombe mweupe amebaki amesimama juu ya kipande kilichosalia, analia. Huyo ng'ombe ndiye aliyewamaliza. Mama mmoja alifuta machozi. Nikawashauri wote wapite kaskazini, vilimani, ambako mtu mwenye bahati hufika akiwa amechelewa tu.

Verna alikuwa bombani anaosha sufuria, hakusikia neno. Tollefsen alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanipa kapu la donati. Nimezila zote.

Jumatano, 10 Agosti.

Tollefsen ameondoka kabla hatujaamka. Kwaheri, mzee! Tumeondoka taratibu kuelekea njia ya kusini, kama watu wasio na mpinzani. Nimeimba. Verna ameniomba ninyamaze. Tairi mbili zimepasuka, na safari hii hakukuwa na wa kuziziba ila mimi.

Alhamisi, 11 Agosti.

Tumefika kambi ya njia panda. Kusini kwenda darajani, kaskazini kwenda vilimani. Nimekuta watu wote wanazungumzia daraja la Mto Mbweha! Mwanzoni nilicheka moyoni. Halafu nikasikiliza vizuri. Wanasema mkokoteni wa nyasi umesombwa. Wanasema mhubiri alining'inia mtini tangu asubuhi mpaka jioni. Wanasema kengele ya kanisa imepita mtoni, inalia.

Mimi sikusema mhubiri. Sikusema kengele. Nilipouliza kuhusu ng'ombe, hakuna aliyemjua.

Basi hii si habari yangu. Ni habari nyingine, ya kweli. Daraja limevunjika kweli! Nilipomwona Verna ameinama juu ya ramani akiniuliza tupite wapi, nikamwambia kaskazini, kwa sauti ya mtu anayejua. Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma sasa ninapoandika.

Ijumaa, 12 Agosti.

Vilima. Mungu wangu, vilima! Petroli ilikuwa imepungua, na tangi liko chini ya kiti. Ukipanda mlima mkali kwa mbele, petroli haifiki kwenye injini. Dawa yake inajulikana: unageuza gari na kupanda kinyumenyume. Nimepanda kinyumenyume mchana kutwa, shingo imepinda, Verna anatembea kando na jiwe la kuweka kwenye gurudumu kila injini inapozima. Mabegani ana tope, kichwani ana tope.

Kwenye mlima wa mwisho kitanda-jiko kilifunguka chenyewe, kikanasa kwenye ua wa mkulima, kikang'oka mguu. Mkulima alikuja kutazama. Verna akamuuliza juu ya daraja. Akasema alilivuka juzi na nguruwe wake, na kwamba ni daraja zuri sana.

Verna alikunja ramani, akaitia mfukoni. Verna akinyamaza, kwa kawaida mimi huomba radhi hata kama silijui kosa. Leo nililijua, kwa hiyo sikuomba.

Jumamosi, 13 Agosti. Harlan Springs.

Tumefika bendera zinashushwa. Shindano limekwisha. Bwana Castleberry alikitazama kitanda changu chenye miguu mitatu, akauliza kwa upole kama kuna aliyeumia.

Kisha Tollefsen akaja mbio, akanikumbatia mbele ya Verna. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Ndugu yangu Pruitt! Uliposema daraja limekwenda, nikasema watu watakwama pale, ngoja niende na kamba na mbao. Kufika, daraja lipo! Ila magari yamepanga foleni, kila mtu anaogopa kuvuka. Nikaenda kwa miguu mpaka katikati, nikarukaruka, wakaona halianguki. Na unajua nani alikuwa mbele ya foleni? Castleberry, akirudi kutoka mashariki! Amechoka, mgongo unamuuma. Nikamlaza kitandani kwangu. Alipoamka akataka tuandikiane mkataba pale pale. Bila wewe nisingekutana naye."

Verna aliniangalia.

"Leland, habari ya daraja uliitoa wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

Nikainama kufunga kamba za viatu vyangu. Tollefsen, masikini, alitutazama huku na huku, kisha akasema anakwenda kutuletea donati. Tulipobaki wawili nikajaribu kulalamika. Nikasema yote haya ni kwa sababu Orville alinitakia mabaya tangu mwanzo, ndiyo maana akashona aproni.

"Orville hajui hata kushika sindano," akasema Verna. "Aproni niliishona mimi. Siku ile ile uliponionyesha kitanda."

Nimekaa nyuma ya gari peke yangu. Nimelia kidogo. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na mke wangu alikuwa anapima kiuno changu nikidhani ananikumbatia.

Jumapili, 14 Agosti.

Verna amefunga mizigo. Kesho tunarudi Iowa, kwa makopo ya maziwa. Nimeahidi kwamba sitasema uongo tena, na nilipoahidi nilimaanisha.

Lakini jioni hii, kwenye moto, kulikuwa na wasafiri wanaoelekea mashariki, na zamu yangu ikafika. Mtu akisikia Iowa haipitiki, atarudije Iowa? Verna naye alikuwepo safari hii, na watu wengi wakisadiki jambo, naye huwa anasadiki. Nikavua kofia. Nikasema daraja la kuingilia Iowa limesombwa. Nikaweka mhubiri, na kengele, na ng'ombe wawili. Watu waliinamisha vichwa. Ulikuwa mpango safi kabisa, sijui kwa nini sikuufikiria mapema.

Verna alitikisa kichwa tu, akaendelea kukunja mablanketi. Ila Tollefsen ameinuka hapo hapo. Amekwenda kuchukua kamba na mbao. Anasema hawezi kumwacha ndugu yake asafiri peke yake kwenye hatari kama hiyo, na kwamba atatusindikiza mpaka mlangoni mwa kiwanda cha siagi.

Kesho asubuhi nitamwambia gari lake linavuja oili, abaki kulitengeneza.