Njiwa Wangu na Mstari wa Shingoni

Jumamosi, 9 Oktoba 1976
Abla Samiha, mwalimu wetu wa kuchora, katuonyesha ndege waliochorwa Ulaya karne ya kumi na nane. Mchoraji aliletewa ndege mfu aliyejazwa majani makavu, akakisia mwenyewe namna ndege alivyosimama akiwa hai. Sasa kuna mashindano ya kuchora ndege. Mshindi atakwenda Riyadh na mama yake! Baba yuko Riyadh. Kafili wake, yule bwana anayemdhamini kazi, alimhamishia huko kabla mimi na Mama hatujafika Jeddah kutoka Mombasa. Miaka miwili sijamwona. Lazima nishinde. Wahida, binti wa Ami Mselem aliyetukaribisha nyumbani kwake, tunalala chumba kimoja; kaniazima rangi zake bila kuombwa. Anataka nini?

Jumapili, 10 Oktoba
Jirani kanipa njiwa aliyekufa. Nimemjaza pamba ya mto wa Mama. Kaegemea upande kama mzee anayeumwa kiuno, lakini mchoro umetoka mzuri mno. Wahida kachora hudihudi. Kanisifu mbele ya watu. Mjanja huyu!

Jumatatu, 11 Oktoba
Msiba! Mstari mweusi umekata shingo ya njiwa wangu! Na Wahida ana wino kidoleni. Nimeufunika mstari kwa rangi, manyoya yote upya. Wahida alipokwenda kuoga, nikachukua wino wake na kumkata hudihudi shingo. Mstari mnene. Jino kwa jino.

Jumanne, 12 Oktoba
Abla Samiha kauweka mchoro wangu kando. Kasema ni mzuri kuliko yote, lakini hapa picha ya kiumbe chenye roho hupigwa mstari shingoni, ionekane haina uhai, ndipo itundikwe. Wachoraji wale walihangaika kumfufua ndege, kasema. Sisi twahangaika asifufuke. Kashinda Wahida!
Njiani kanigombeza: we mwana we, mstari nilikupigia mimi, najua u mgeni, mbona umeufuta? Mstari wa hudihudi wake mwenyewe alikuwa kausahau. Hajui nani kamkumbukia. Anamwombea dua kila hatua. Nimeitikia amina.

Jumatano, 13 Oktoba
Nimelia kidogo, chooni. Wahida kasema atampelekea Baba njiwa wangu mkononi, na salamu zangu zote. Wema gani huo usio na sababu? Haniwezi; hataufungua njiani. Nimeukunja mchoro, nikaupaka gundi, nikauzungushia kitambaa na kukishona pande zote. Mama kauliza Baba ataufunguaje bila kuuchana. Swali la ajabu. Mama naye kaanza lini kuwa upande wa Wahida?