Mabano Ni Ukuta

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa hesabu ameacha kazi. Mkuu wa shule ameuliza ofisini nani atashika darasa lake mpaka mtihani wa kuingia mkondo wa sayansi. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Ndiyo, mimi ni mwalimu wa jiografia. Lakini kiti cha mkuu wa idara ya hesabu kiko wazi, na kina chumba chake chenye feni inayozunguka!

Mpinzani ni mmoja tu. Kipimapembe, mwalimu wa hesabu wa darasa lile lingine, tuliyempa jina hilo kwa sababu kifaa hicho hakimtoki mfukoni mwa shati. Binti yangu anasoma kwake na anang'ara. Anataka kujenga madaraja, na bila mkondo wa sayansi hakuna madaraja. Nimemhamishia kwangu leo leo. Aking'ara, ang'are kwangu. Mama watoto ameuliza nimejua hesabu lini. Nimemjibu kwamba hata ramani zina namba. Amesonya.

Jumanne, 4 Machi

Somo: integrali, yaani integration, ya mabano. Nimefungua kitabu wakati wa chai. Rahisi mno! Ongeza moja kwenye kipeo, gawanya kwa kipeo kipya, kwisha. Nikawapa x jumlisha 3, mabano, kipeo cha nne. Tukapata kipeo cha tano, chini yake 5. Jibu likalingana na la kitabu. Nikafunga kitabu ningali mshindi.

Kisha nikawapa 2x jumlisha 3. Njia ile ile. Binti akanyoosha mkono. Akasema, kwa adabu zote, kwamba ile 2 iliyo mbele ya x nayo igawanye, chini iwe 10. Mbele ya watu! Nikamwambia mabano ni ukuta, na ya ndani ya ukuta hayatuhusu. Darasa likacheka. Akakaa. Kipimapembe alikuwa anapita, akasimama dirishani, akatikisa kichwa, akaenda zake. Kijicho hicho.

Alhamisi, 6 Machi

Vekta kizio, yaani vekta yenye urefu wa moja. Kitabu kinataka utafute kwanza urefu wa vekta: vipeo vya pili, kujumlisha, kipeuo, halafu ugawanye. Safari yote hiyo ya nini? Kama ni moja, andika moja. Juu moja, chini moja. Kila vekta, jibu hilo hilo! Wanafunzi wamenipigia makofi. Binti hakunyoosha mkono.

Kipimapembe amenivuta pembeni. Kasema vekta yangu ni ndefu kuliko moja, na kama sitajali tunaweza kupitia masomo pamoja. Mwalimu mwenzangu, ananiita. Nikamwambia ahsante, nina haraka. Ananichimba huyu.

Jioni binti ameomba ruhusa ya kusoma kwa Kipimapembe baada ya vipindi. Nimekataa. Watu watasemaje, mtoto wa mwalimu akahemee hesabu kwa jirani? Hakubisha. Amemaliza chakula akaosha vyombo, hata visivyo vyake.

Jumatatu, 10 Machi

Mtihani. Umetungwa na utasahihishwa nje ya shule. Darasa langu limemaliza mapema, kalamu chini, wanapiga miayo. La Kipimapembe linatoka jasho. Nimewahurumia.

Binti alishika kalamu muda mrefu bila kuandika. Akaniangalia. Nikamkonyeza. Akainama, akaandika haraka.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Darasa zima limekosa, na limekosa sawasawa. Wasahihishaji wameuliza kama walinakiliana. Mkuu ameniita, akanitolea macho. Nimesema maswali yalikuwa na hila.

Binti naye amekosa. Jina lake halimo kwenye orodha ya mkondo wa sayansi.

Nyumbani nimemuuliza, si ulikuwa unaijua ile 2? Akasema, "Nilikuwa naijua, baba." Na vekta pia. Sasa kwa nini? Akasema karatasi zingerudi, zingesomwa darasani, na wenzake wangesema hata mwanangu mwenyewe haniamini.

Nimetoka nje, nikasimama kwenye kamba ya nguo. Sare yake ilikuwa inachuruzika maji. Roho imeniuma, sitaficha. Mama watoto amepita na beseni kana kwamba mimi ni nguzo ya kamba.

Jumatatu, 17 Machi

Nimejikaza kisabuni. Kipimapembe kapewa darasa, idara na feni. Mimi nimerudi kwenye ramani. Ila kuna habari njema: waliokosa watarudia mtihani mwisho wa mwezi! Kipimapembe amekuja mpaka nyumbani. Anataka kumfundisha binti kila jioni, bure. Mama watoto alishamkaribisha kiti.

Nimemshukuru, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Mtoto mwenye imani na baba yake namna ile, nimpe mtu baki? Nitamfundisha mwenyewe. Nimeshachungulia kitabu. Kuna mabano ndani ya mabano. Sijausoma ukurasa wote, lakini njia ya mkato nimeshaiona.

Nimemwambia tunaanza leo. Akasema, "Sawa, baba." Akakaa mezani, akaanza kuchonga penseli. Amechonga, amechonga, mpaka imebaki kipande kisichoshikika.

Ana hamu kweli ya kuanza.